Hata Nguzo Ilitikisika

Nimepiga picha za harusi na ubatizo hapa Babati kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila picha iliponiharibikia nilikuwa na jibu moja tu: "Ulitikisika." Watu waliniamini, kwa kuwa mwenye kamera nilikuwa mimi.

Jibu hilo nilimpa hata mke wangu. Siku ya kumuaga binti yetu kabla ya harusi, katika ukumbi mmoja kule Nangara, mama na mwana walikumbatiana wakalia. Nikapiga picha moja. Ilitoka kama niliyoipigia ndani ya maji. "Mama yako hatulii," nikamwambia binti mbele ya wageni. Tangu hapo, kamera ikitolewa tu, mke wangu anakumbuka sufuria jikoni. Miaka saba, hatuna picha yake hata moja.

Mwezi uliopita binti alikuja kututembelea hapa kwetu Bonga, pembeni ya mji. Kwenye simu yake ameweka programu inayoandika chini ya picha jinsi kamera ilivyopangwa ilipopigwa: upana wa tundu la lenzi, muda ambao tundu hilo lilikaa wazi, na mengineyo. Kumbe kamera za siku hizi huyatunza hayo yote ndani ya picha yenyewe. Akaifungua ile ya ukumbini.

"Baba, hapa inasema moja ya nane ya sekunde. Kwa kamera huo ni muda mrefu, hata mlima Kwaraa ungetikisika."

Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaitazama picha ile kwa mara ya kwanza.

"Na hii nguzo nyuma yangu? Nayo haitulii?"

Kwamba hata nguzo ilitikisika, niliona siku ile ile. Ukumbi ulikuwa na giza, nami nilikataa kuwasha flashi kwa maringo, nikidai ni ya wasiojua kazi. Mkono uliotikisika ulikuwa wangu. Nikawaambia hivyo wote wawili, na kwamba nilijua tangu mwanzo.

"Shikamoo, fundi," mke wangu akasema.

Salamu hiyo sikuistahili. Nilimwomba tu asimame uani nimpige tena, nikijua anaweza kukataa na ana haki.

Akachambua majani mawili matatu. Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Piga. Lakini hizo namba zibaki, wajukuu wajue ni nani asiyetulia."

Jua la saa kumi lilikuwa la kutosha. Nilibana viwiko kifuani, maana mikono yangu sasa inatetemeka kweli, nikapanga moja ya mia tano ya sekunde, nikabonyeza. Binti akaihamishia kwenye simu, namba zikajiandika chini. Kila uzi wa kitenge ulionekana.

"Nimefumba macho," mke wangu akasema.

"Nimebonyeza vibaya mimi."

Akaisogeza simu karibu na miwani. "Hilo nalo limeandikwa wapi?"