Pini ya Obdulia

Rosenda Matus amepiga watu picha za mishipa ya damu miaka ishirini na sita katika hospitali moja ya Oaxaca, na miaka yote hiyo ugomvi wake ni na pini. Mashine yake ni sumaku kubwa, haitaki chuma hata kidogo. Wajawazito wa kwao nao, siku ya jua kupatwa, hujifunga kitambaa chekundu tumboni na kukichoma pini, jua lisije likamla mtoto mdomo, akazaliwa nao umepasuka. Rosenda huwacheka waziwazi. Ulimi wake mkali, lakini mgonjwa akishaingia kwenye tundu la mashine, yeye humshika kidole gumba cha mguu mpaka picha iishe.

Obdulia aliletwa asubuhi ya siku kama hiyo, mimba miezi sita, kichwa kikimuuma siku ya tatu. Mwili wake hujipiga vita wenyewe, damu ikaganda ovyo mishipani, na mimba mbili za kwanza zilimtoka kwa ugonjwa huo huo. Daktari alihofia sasa imeganda kichwani. Picha ilitakiwa upesi, kabla hawajapotea yeye na mtoto.

Akakataa katakata kuvua pini. Rosenda alimweleza, akamtania, akamkaripia, wapi.

"Mama Rosenda, wawili wameshanitoka," akasema Obdulia. "Huyu simwachi wazi hata dakika moja."

Rosenda akanywea. "Basi nipe, nitakuvalia mimi. Siivui mpaka utoke. Jua likitaka mdomo, lije linile wangu, umeshachoka kwa kusema."

Obdulia akacheka huku kashika kichwa, akampa. Rosenda akaichoma kwenye koti lake, akabaki nje ya kioo, maana na chuma hawezi kuingia, akiongea naye kwa kipaza sauti. Dirishani mwanga ulianza kufifia. Mara Obdulia akaanza kulia mle ndani, mwili ukitetemeka, na picha zikatoka ukungu mtupu. Rosenda alimwita nesi aingie badala yake, hakumwona. Akachomoa pini, akaiweka mezani, akaingia kumshika kidole. Obdulia akatulia. Picha ikaonyesha mshipa wa nyuma ya kichwa umeziba nusu, na siku hiyo hiyo akaongezewa sindano za kuzuia damu isigande.

Rosenda alimrudishia pini yake kana kwamba haikutoka kotini. Alijipa moyo kwamba Obdulia atadhani ni mkono wa nesi. Lakini usingizi wake haukuwa ule wa zamani.

Baada ya miezi minne Obdulia alirudi kupigwa picha nyingine, mtoto mgongoni. Rosenda hakuuliza habari za kichwa wala za sindano. Alifunua shali, akamtazama mtoto mdomo, akapitisha kidole taratibu juu na chini. Mzima. Machozi yakamtoka.

"Niliivua pini, mwanangu," akasema. "Jua lilikuwa bado limepatwa."

"Najua," akasema Obdulia. "Niliusikia mkono wako kidoleni. Ningeweza kukwambia utoke ukaivae tena, nikanyamaza."