Fundi Faki na Risasi ya Pili

Saa mbili asubuhi. Fundi Faki Tahir anasugua baruti nyeusi kiganjani kwa kidole gumba, kisha anakunjua mkono kwenye mwanga wa mlango. Kiganja kimebaki safi.

"Ingeniachia masizi, ningeitupa," anasema. "Masizi ni chembe zilizovunjika zikawa vumbi. Vumbi huwaka ovyo."

Upande wa pili wa mkeka ziko risasi alizomimina jana kwenye kalibu. Kila moja anaipima kwa mizani ya sonara. Iliyo nyepesi ina hewa ndani, na haitakwenda sawa. Kati ya kumi na mbili amechagua mbili. Moja ni yake. Ya pili anaitenga bila kusema ni ya nani.

Hapa Kipini, mto Tana unapoingia baharini, wanaume hushindana kulenga shabaha baada ya sala ya Idi Kubwa. Kifuu cha nazi hutundikwa kwenye boriti, hatua themanini. Kwa miaka kumi na tisa Faki ndiye aliyewajazia maganda yao ya risasi. Kila Idi ilipokaribia, barazani kwake hapakuwa na pa kukaa, na alijaza hata maganda sitini.

Mwaka huu wa 1901, Idi imebaki siku tatu na, kama mwaka jana, hakuna aliyekuja. Mkewe, Esha, alifariki zamani. Kando ya birika la kahawa kuna kikombe kimoja.

Sababu anaisema mwenyewe. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja alimletea kopo la baruti mpya, isiyotoa moshi na yenye nguvu kuliko nyeusi. Faki aliipima kwa kipimo kile kile cha pembe alichozoea kwa baruti nyeusi.

"Kipimo nilikijua," anasema. "Baruti sikuijua."

Desturi ya uwanjani ni fundi kufyatua ya kwanza mwenyewe, watu wakimwona. Siku ya Idi hiyo rafiki yake Jaafar alimcheka. "Lete, nduyangu. Au waogopa kazi ya mkono wako?"

Faki akampa bunduki kabla hajaifyatua mwenyewe. Bunduki ikapasuka, na Jaafar akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Kopo lile Faki alilizamisha mtoni. Tangu hapo Jaafar hajapita njia hii.

Hodi inasikika. Ni Mwanasiti, dada yake Jaafar. Anautazama mkeka, kisha mizani.

"Fundi, hata chumvi ya mchuzi nadhani waipima chembe kwa chembe."

"Chumvi haijamkata mtu vidole, Mwanasiti."

Mwanamke anafungua fundo la leso na kuweka mkekani ganda moja la shaba, tupu.

"Katuma yeye?"

"Hakutuma. Nimelikuta kizingitini. Nikamuuliza ni la nini, akanambia, 'Wewe si wapita kwa Faki?'"

Anapoondoka, Faki analisugua ganda kwa majivu na ndimu, kisha analianika juani. Halijazi mpaka likauke kabisa. Risasi aliyoitenga anaisogeza karibu nalo.

"Sijui kama atakuja," anasema. "Siku ya Idi nitafyatua ya kwanza mimi, hata nikiwa peke yangu uwanjani. Hili nitalijaza na kuliweka kwenye mkeka hapo uwanjani. Akija, alikute. Asipokuja nitarudi nalo, na mwakani nitalijaza upya."