Hedifoni za Kusafisha Sauti

Kila muuza hedifoni Tarime mjini anakuwekea wimbo wa kudunda, kisha anakutazama kama amekupa zawadi. Mimi sikufuata kudundwa kichwa. Nilitoka kijijini Susuni na simu yangu, na ndani ya simu kuna marehemu baba yangu akipiga litungu, ala yetu ya nyuzi, uani kwetu. Nyuzi za litungu ni nene, zinakoroma. Ukiondoa ule mkoromo, unabaki na kamba tu.

Hedifoni za kwanza zilimfanya baba asikike kama yuko ndani ya debe. Muuzaji akanitolea nyingine, za bei kubwa. "Hizi zinasafisha sauti, mama."

Nikazivaa. Kweli zilisafisha. Mkoromo haukuwepo, wala kile kikohozi chake kidogo kabla hajaanza kuimba. Damu ikanipanda. Nikamwambia hedifoni zake zimekula nusu ya muziki.

Akazichukua, akasikiliza kwa sikio moja, akatikisa kichwa kama daktari. "Hedifoni ni nzima, mama. Hiyo rekodi yako ndiyo ina makelele. Hebu tuzijaribu na muziki."

Eti na muziki! Nilichomoa waya kwenye simu yangu. Nikatoka, nikasimama kando ya barabara, nikaibana simu sikioni kama mtu aliyepigiwa kutoka nyumbani.

Baba akakohoa, akaanza.