Bafta ya Warumi Wangu

Kwanza nijisifu, aibu itafuata. Kwa kupatana bei sijaona wa kunishinda hapa Dodoma, na katika seminari yetu ni mimi pekee ninayefundisha Kilatini. Mkuu wa shule alitaka kulifuta somo hilo. Nikamwomba Ijumaa moja tu, vijana wangu waigize baraza la Warumi mbele ya wazazi, kisha aamue.

Nikaenda sokoni kutafuta bafta nyeupe ya kuwavika.

“Pole, mwalimu. Ni ya nani?” mama muuzaji akauliza.

“Vijana wangu wanne, wa kidato cha pili.”

Akaweka mkasi chini. “Wote wanne?”

“Wote, Ijumaa asubuhi, pale seminari. Sasa mama, bei yako inaniumiza.”

“Nitabishanaje na wewe, baba?” Akapunguza, na kipande cha nyongeza akanikatia. Nikaondoka kifua mbele, nikiusifu ulimi wangu.

Ijumaa Warumi wangu walihutubia hadi mkuu akasahau kuangalia saa. Ndipo akaingia yule mama na wenzake, khanga viunoni, ndoo ya unga kichwani, wakilia kama waliofika msibani.

Wakawaona vijana wanne wamesimama ndani ya sanda. Kilio kikakatika. Vijana, kama nilivyowafundisha kupokea wageni, wakawaamkia kwa Kilatini kwa sauti moja: “Salvete!”

Hakuna aliyekosea hata silabi.

Mama akaitua ndoo, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. “Mwalimu, naomba punguzo langu.”