Mkono wa Mama Yvette

Siku ya kwanza kuwaona, walikuja wote wawili, mume na mke, barazani kwangu hapa Kasongo, mahali ninapoweka mashine ya kushona. Mtoto wao Yvette alikuwa mgongoni mwa mama. Nilipomzungushia baba utepe kiunoni, mama alicheka.

“Fundi, acha nafasi kwa tumbo. Huyu anakulaka!”

“Na anayepikaka ni nani?” mume akajibu.

Mume anaitwa Hippolyte. Mke ni Sidonie, ila sisi majirani tulimwita Mama Yvette. Aliuza sabuni na chumvi sokoni na kuimba kwaya, na hakupita barazani bila kunisalimu, ingawa mimi si mtu wa maneno mengi.

Baadaye Hippolyte alikwenda Salamabila kununua dhahabu. Mwanzoni alirudi mara kwa mara, kisha akawa anakawia, kisha watu waliotoka huko kwa pikipiki wakaanza kusema ana nyumba nyingine. Mama Yvette alisema barabara ni mbaya.

Mwaka jana Naomie, binti wa marehemu dada yake, ambaye Mama Yvette ndiye aliyemlea, alipata mchumba. Naye, aliyeamini ile habari ya barabara, akawaomba wawili hao wawe wasimamizi wa ndoa. Kwetu wasimamizi huchaguliwa kwa sababu ndoa yao imesimama. Wakwe wangejua kwamba hii imevunjika, wangekataa, na aibu ingemwangukia Naomie. Mama Yvette akatuma ujumbe Salamabila. Hippolyte akakubali kuja kwa siku hiyo.

Wasimamizi huvaa kitenge kimoja. Mama Yvette aliniletea kitambaa cha buluu pamoja na shati kuukuu la mumewe, nikate kwa kipimo hicho. Nilikata. Sikuuliza kitu.

Hippolyte alifika siku yenyewe ya harusi, alasiri. Ukumbi ulikuwa umependeza: viti vimevishwa vitambaa vyeupe, maua kila meza, divai, watu wananukia marashi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango Mama Yvette aliponiita chumba cha nyuma. Shati halikufunga. Mume alikuwa amenenepa sana.

“Umenishonesha shati ya mutoto?”

“Tulipima na ile uliacha.”

“Ile ni ya zamani, Mama Yvette.”

“Sina ingine. Kule wanakulisha vizuri.”

“Usianze. Watu wanasikia.”

Mimi nilikuwa nimeinama, nafumua ubavu wa kushoto. Nilitaka kutia kipande cha kitambaa, lakini kiongozi wa sherehe alikwisha kuwaita wasimamizi kwenye keki: “Parrain na marraine, gato inawangoja!” Nikabana kwa pini. Fulana nyeupe ilionekana palepale.

Mama Yvette akaweka mkono juu ya ule mpasuko, wakaingia ukumbini. Hakuuondoa. Walilishana keki amemshika hivyo, wakafungua dansi amemshika hivyo, na alipowaambia maharusi wavumiliane, kwa sauti yake ile ya kwaya, mkono ulikuwa bado mahali pake.

Kwenye meza ya wakwe, shangazi wa bwana harusi alimgusa mwenzake kwa kiwiko. “Ona hawa! Miaka yote, na bado anamushika kama vile atakimbia.”

“Mimi wangu nikimushika hivyo, anasema natafuta feza mufukoni.”

Wakacheka. Hippolyte naye alicheka, huku akitazama mbele. Mama Yvette alitabasamu mpaka picha ya mwisho. Alipouteremsha mkono, nje, vidole vyake havikunyooka mara moja.

Asubuhi mume alipanda pikipiki akarudi Salamabila.

Mwezi uliofuata Mama Yvette aliacha meza yake ya sokoni, akawa anahamia kijijini Wamaza kwa kaka zake, kulima. Alimwambia mwenye pikipiki asimame mbele ya baraza langu ili aniage. Safari hiyo nikathubutu kuuliza: na Naomie, habari za wewe na mumeo atazisikia kwa nani?

“Nimemwambia mwenyewe jana, yote. Amelia, kisha akaniuliza kama nimekula. Ubaki salama, fundi.”