Kombora Juu ya Achari

Kacha, kacha. Sauti ilitoka ndani ya kombora nililokuwa nimeapa kwamba ni tupu.

Lilikuwa mikononi mwa mama mwenye nyumba, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyenipangisha chumba Queensbury, huku ughaibuni, kwa sharti moja: pasilipuke kitu. Hakukosea kuniwekea sharti hilo. Naandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mizinga myepesi ya karne ya kumi na tisa, ile iliyovutwa na farasi, na hukusanya makombora yake yaliyokwisha kutolewa baruti. Nilikuwa nayo saba juu ya kabati, kila moja na kadi yake, nadhifu kunizidi mimi.

La saba alikuwa amelichukua bila kuniuliza na kuliosha kwa sabuni ya vyombo, apate uzito wa kugandamiza achari ya ndimu. Jiwe lake la kazi hiyo, alisema, lilibaki Kisumu.

"Anti," nikasema, "usilitikise."

"Ulisema halina kitu."

"Nilisema hati ya muuzaji inasema halina kitu."

"Hati." Akalitikisa tena, karibu na sikio. "Mimi nikinunua nazi, mwanangu, natikisa. Wewe ulisoma hati?"

Nilikuwa nimeisoma mara tatu. Nilihakiki tarehe na saini, hata nikamsahihisha muuzaji tahajia. Kulitikisa hakukunijia akilini. Sasa nikaanza kufikiri, na huo ndio ugonjwa wangu. Huenda ni gololi za madini ya risasi, zisizo na madhara. Huenda ni kutu. Huenda ni baruti iliyoganda mabonge. Nikipiga simu, polisi watayabeba yote saba, na sura nzima ya tasnifu iliyoyategemea itakwenda nayo; nisipopiga, huenda akabebwa Anti. Nilikuwa nikipanga hoja ya tano nilipotambua kwamba bado amesimama, amelikumbatia.

"Mkono unachoka," akasema.

"Liweke. Taratibu. Popote."

Akaliweka pale alipokuwa amekusudia tangu mwanzo. Tukatoka hadi bustanini, yeye na kandambili, mimi na soksi, nikapiga simu polisi. Sauti ya mwanamke, tulivu kuliko nilivyostahili, ikauliza kombora liko wapi.

"Jikoni."

"Limewekwa juu ya nini?"

Anti akaninong'oneza niwaambie wasiimwage achari yake.

"Juu ya ndimu," nikasema.