Shemeji Kafuturisha Kijiji Kabla ya Jua Kuzama, Lawama Kwangu

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa huku karibu na Bungu wakisoma watanijua tu. Potelea mbali, nimechoka.

Nina miaka 29, ni fundi wa kompyuta, na nilikuwa na mchumba. Baba yake ni mwenyekiti wa msikiti wetu, na mimi ndiye niliyewafungia kompyuta ndogo inayotoa adhana yenyewe kwenye spika. Ndani yake kuna faili la mistari mitano, kila swala na mstari wake, na mwisho wa mstari kuna dakika za kuongeza au kupunguza. Zote zilikuwa sifuri.

Ramadhani hii wazee wakataka adhana ya Alfajiri itangulie dakika kumi, watu wasipitilize kula daku. Mimi nilikuwa Mchukwi, mama amelazwa. Nikasema nikirudi nitabadilisha. Kaka wa mchumba wangu, anayesoma kompyuta Dar na alikuwa nyumbani likizo, akaona nachelewesha. "Hiyo ni amri moja tu, baba, hata faili hulifungui," akamwambia mzee. Kweli ni amri moja, lakini lazima uitajie namba ya mstari, la sivyo inabadilisha kila mstari inaoukuta. Hakuitaja! Halafu akaangalia mstari wa kwanza peke yake, akaona kumi imeshapungua, akaenda zake kulala.

Adhuhuri na Alasiri zikatangulia, hakuna aliyeshtuka. Jioni mawingu yakatanda, jua halionekani, adhana ya Magharibi ikatoka mapema. Watu wakala tende, wakanywa uji. Mzee alikuwa na muhogo mdomoni msikiti wa jirani ulipoanza kuadhini. Siku ile wote wanatakiwa kuilipa.

Niliporudi nikakuta natukanwa hadi sokoni, maana shemeji kamwambia mzee yeye kagusa Alfajiri tu, hiyo Magharibi ni ufungaji wangu mbovu. Nikamfuata shemeji. Akacheka! "Nilisahau namba ya mstari, bro. Usimwambie mshua, atanifukuza." Na mchumba wangu akanililia, "Nakuomba kwa Mungu, mstiri kaka yangu. Hasira za baba zitapoa." Nikamstiri. Nikarekebisha ile mistari minne, nikakaa kimya kama mjinga.

Hazikupoa. Mzee akasema mbele ya watu msikitini, "Mtu kashindwa kuiangalia futari yetu, mwanangu atamwangaliaje?" Shemeji yupo safu ya mbele, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilitamani kulia, wallahi.

Juzi wamerudisha pete yangu. Aliyetumwa kuileta ni shemeji mwenyewe. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mzee kashaamua. Ila ile kompyuta nimekabidhiwa mimi sasa. Naomba unielekeze vizuri jinsi ya kubadilisha mstari mmoja."

Mchumba bado ananipigia analia, anasema nivumilie. Nikimtaja kaka yake, hatanisamehe. Nikinyamaza, ataozeshwa mwingine, na mimi nitabaki yule aliyewaharibia watu funga. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na huyu shemeji, nimfundishe?